Si uzee tu: Mzazi anapopungua nguvu, moyo nao uangaliwe

Kila Desemba, mabasi ya kwenda Moshi yanapojaa na magari madogo kupangana barabarani kuanzia Chalinze, maelfu ya watu wa Dar es Salaam hurudi kwao na kukuta jambo ambalo simu haikuwaonyesha. Kwenye simu sauti ya mama ilikuwa ileile: "Sisi wazima, hofu ni kwenu." Lakini mama aliyezoea kutoka hadi njia panda kupokea mizigo sasa anasubiri barazani, amekaa. Gauni aliloshonewa mwaka jana linamning'inia. Baba naye ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali, na tundu hilo si la upande wa kunenepa.

"Wamezeeka," watoto huambizana jikoni, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mbuzi wa sikukuu.

Neno hilo, uzee, linabebeshwa mzigo mkubwa mno. Wapo wenye miaka 85 wanaopandisha kilima kwenda kanisani na kurudi bila kushikwa mkono, na wapo wenye miaka 68 ambao kutoka kitandani hadi bafuni ni safari. Miaka haitoshi kueleza tofauti hiyo. Madaktari wanaoshughulika na wazee huitazama kama hali ya kiafya inayojitegemea, yenye dalili zake na vipimo vyake. Kwa Kiswahili jina lake bado halijatulia. Wengine husema unyong'onyevu, wengine udhaifu wa uzeeni. Hili la pili linaeleweka kwa urahisi, basi litumike.

Udhaifu wa uzeeni maana yake ni kwamba akiba ya mwili imekaribia kuisha. Nyumba yenye simtanki lililojaa haijui hata siku ambayo maji ya bomba yamekatika. Nyumba isiyo na tanki inajua ndani ya saa moja. Mwili nao una akiba ya misuli, ya moyo, ya figo, ya mapafu na ya ubongo. Mzee mwenye akiba akishikwa na homa ya mapafu ataumwa, atatibiwa, na baada ya wiki mbili atarudi kwenye shughuli zake. Asiye na akiba ataumwa homa hiyohiyo, atatibiwa kwa dawa zilezile, lakini hatarudi pale alipokuwa. Hapo ndipo familia husema, "Tangu ile homa, mama hakuwa yule tena." Ukweli ni kwamba huenda akiba ilikuwa imeisha kabla ya homa, na homa ikaja kulionyesha hilo.

Dalili tano zilizotoka kwenye utafiti wa moyo

Namna ya kuitambua hali hii inayotumika zaidi duniani ilichapishwa mwaka 2001 na mtafiti wa Marekani, Linda Fried, pamoja na wenzake. Jambo la kuvutia ni mahali walipoitoa. Walitumia takwimu za utafiti mkubwa ulioanzishwa kuchunguza magonjwa ya moyo na kiharusi kwa watu wenye miaka 65 na zaidi, uliokuwa na washiriki zaidi ya 5,000. Waliokwenda kutafuta moyo, walikutana na udhaifu.

Dalili walizozipanga ni tano. Ya kwanza ni kupungua uzito bila kukusudia, kilo 4.5 au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Ya pili ni uchovu ambao mzee mwenyewe anausema, kwamba kila kitu kinamgharimu nguvu. Ya tatu ni kupungua kwa shughuli za mwili. Ya nne ni mwendo wa polepole, na ya tano ni mkono uliolegea katika kushika. Mwenye tatu au zaidi anahesabiwa kuwa ameingia kwenye udhaifu. Mwenye moja au mbili yuko mlangoni, na huyo wa mlangoni ndiye ambaye familia ina nafasi kubwa zaidi ya kumsaidia. Katika utafiti ule, waliokuwa wameingia walikuwa takriban 7 kati ya kila 100. Katika miaka iliyofuata walianguka zaidi, walilazwa zaidi na walifariki zaidi kuliko wenzao.

Nyumbani hakuhitajiki mashine. Mwendo unaweza kupimwa kwenye korido au uani. Zinapimwa mita 4 kwa futi ya fundi, mzee anatembea kwa mwendo wake wa kawaida, si wa kushindana, na simu inahesabu sekunde. Zikizidi 5, mwendo umeshuka kiasi cha kumwambia daktari. Miguu inapimwa kwa kiti cha mezani, si sofa linalomeza mtu wala kigoda. Mzee anakunja mikono kifuani, anasimama wima na kukaa mara 5 mfululizo, huku mtu amesimama karibu naye. Akizidisha sekunde 15, au akishindwa kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, misuli ya mapaja imepungua.

Nguvu za mkono zina kifaa chake hospitalini, lakini jikoni kuna vipimo vya kutosha. Bibi aliyekuwa akimenya mkungu mzima wa ndizi za mtori sasa anaomba mjukuu amsaidie baada ya ndizi tatu. Kitambaa anachokamua kinabaki kinadondosha maji. Chupa ya maji anampa mtu amfungulie, na anapopewa ikiwa imefunguliwa hasemi kitu.

Tahadhari moja haipaswi kurukwa. Kukonda si jambo la kusingizia udhaifu moja kwa moja. Kifua kikuu, kisukari, saratani, virusi vya ukimwi, matatizo ya tezi, meno mabovu na sonona vyote humkondesha mzee. Mzee aliyepungua kilo bila sababu anapaswa kuchunguzwa kwanza, jina la hali yake litafutwe baadaye.

Moyo unaingiaje hapa?

Uhusiano wa udhaifu na moyo unakwenda pande zote mbili, na ndiyo sababu ni vigumu kujua kilianza kipi.

Moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, misuli ya miguu hupata damu pungufu. Mzee anachoka haraka, kwa hiyo anakaa. Akikaa, misuli inapungua zaidi. Misuli ikipungua, kila kazi ndogo inakuwa nzito zaidi kwa moyo uleule uliokwisha choka. Upande wa pili, mwili uliolegea hukaa kwa miaka katika hali ya kupambana, kama mtu mwenye kidonda cha ndani kisichopona, na hali hiyo huiharibu mishipa ya damu taratibu. Misuli pia ndiyo ghala kubwa la kuhifadhi sukari inayotoka kwenye chakula. Ghala likipungua, sukari hubaki kwenye damu, na sukari nyingi kwenye damu ni adui wa moyo anayejulikana.

Ushahidi mmoja uliowashangaza wengi ulitoka mwaka 2015, katika utafiti uliofuatilia watu takriban 140,000 katika nchi 17, zikiwemo Afrika Kusini na Zimbabwe. Washiriki walipimwa nguvu za kushika kwa mkono. Kila nguvu zilipokuwa pungufu kwa kilo 5, hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa ilionekana kupanda kwa asilimia 17. Mkono ulitabiri kifo vizuri kuliko kipimo cha presha ya juu. Hiyo haina maana kwamba kuminya mpira kutaponya moyo, kama baadhi ya video za mitandaoni zinavyodai. Mkono ni dirisha tu la kuchungulia hali ya mwili mzima.

Ugumu mwingine ni kwamba moyo wa mzee hauumwi kama unavyoumwa kwenye filamu. Kijana akipata shambulio la moyo mara nyingi hushika kifua. Mzee anaweza asihisi maumivu yoyote ya kifua. Anaishiwa pumzi, anatokwa jasho, anachanganyikiwa ghafla au anakuwa amechoka isivyo kawaida kwa siku mbili tatu. Familia inasema ni uzee, au ni malaria, na siku zinapita.

Moyo unaoshindwa kusukuma damu nao una njia ya kujificha kwenye mizani. Maji yanajikusanya miguuni na tumboni, uzito unapanda au unabaki palepale, na watoto wanafurahi kwamba mama hajakonda. Chini ya maji hayo misuli inaondoka. Viatu vilivyoanza kubana jioni, alama ya soksi inayobaki kwenye ngozi, na mto wa pili anaouomba usiku kwa sababu akilala chali pumzi inakata, hizo ni habari za kumpelekea daktari wiki hii, si likizo ijayo. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, mara nyingi hayo ni maji, si ugali.

Presha: watu 7 kati ya 10

Magharibi ya mji wa Moshi ipo wilaya ya Hai, yenye Machame na Boma Ng'ombe. Watafiti wamekuwa wakifuatilia afya ya wazee wa huko kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, baada ya kupima watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea, yalionyesha kuwa karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha ya juu. Hawa hawakuwa watu wa mjini wanaokula chipsi na kukaa ofisini. Walikuwa wazee wa vijijini. Wengi wao hawakujua kama wana presha, na waliokuwa wameidhibiti kwa dawa walikuwa wachache sana.

Kwa hiyo katika familia nyingi swali si kama mzazi ana presha, bali kama imepimwa. Na ikishapimwa huzuka mabishano ambayo kila ukoo unayajua. Mmoja anasema mama ameshazeeka, mwacheni na vidonge. Mwingine anataka presha ishuke hadi 120 kama ya mwalimu wa mazoezi.

Utafiti umewajibu wote wawili, na hakuna aliyepata kila alichotaka. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililohusisha watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi, kutoka Ulaya, China, Tunisia na kwingineko. Waliopewa dawa za presha, lengo likiwa 150 kwa 80, vifo vyao vilipungua kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa, na matukio ya moyo kushindwa kufanya kazi yalipungua kwa zaidi ya nusu. Takwimu hizo zilipochambuliwa tena baadaye, faida ilionekana hata kwa waliokuwa dhaifu. Jaribio jingine la Marekani, lililotolewa mwaka 2016 kwa wenye miaka 75 na zaidi, lilikwenda mbali zaidi kwa kulenga chini ya 120, na faida ilionekana hata kwa wanaotembea polepole. Lakini wasomaji wengi wa matokeo hayo husahau walioachwa nje: wenye kisukari, waliowahi kupata kiharusi, na wanaoishi kwenye nyumba za kulelea wazee.

Kwa wale waliodhoofika kabisa picha inabadilika. Huko Ufaransa, wakazi wa nyumba za wazee wenye miaka 80 na zaidi, ambao presha yao ilikuwa chini ya 130 huku wakitumia dawa mbili au zaidi, walipunguziwa dawa hatua kwa hatua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Vifo havikupungua, wala havikuongezeka. Kwa maneno mengine, miaka peke yake si sababu ya kumnyima mzee dawa ya presha, na pia si kila kidonge kilichoanzishwa miaka kumi iliyopita bado kina kazi. Uamuzi wa kipi kibaki ni wa daktari aliyemwona mzee akitembea, si wa shangazi aliyeona ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Kukatisha dozi ghafla kumewapeleka wengi wodini.

Kuna kipimo kimoja ambacho familia inaweza kukiomba kwa adabu tu: presha ipimwe mzee akiwa amekaa au amelala, kisha ipimwe tena amesimama, ndani ya dakika tatu. Ikishuka kwa 20 ile namba ya juu, au 10 ile ya chini, damu haifiki kichwani vizuri anapoinuka. Huyo ndiye anayepepesuka saa tisa usiku akienda chooni. Mzee aliyevunjika nyonga kwa kuanguka usiku yuko kwenye hatari kubwa kuliko ile ya presha ya 148 iliyowasumbua watoto.

Mfuko wa dawa uende wote

Kliniki nyingi huona dawa walizoandika wao tu. Hazioni zile za kwenye droo.

Mfano wa mnyororo unaojulikana sana ni huu. Mzee anaanzishiwa amlodipini kwa ajili ya presha. Dawa hiyo ni nzuri na ni ya bei nafuu, lakini kwa baadhi ya watu huvimbisha vifundo vya miguu. Miguu ikivimba, mahali pengine, kwa daktari mwingine, anaandikiwa Lasix ya kukojosha maji. Sasa anakwenda chooni mara nyingi, anapungukiwa maji na chumvi za mwilini, anapata kizunguzungu. Kwa kizunguzungu anapewa kidonge cha tatu kinachomsinzisha. Kisha anaanguka. Kila aliyeandika alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyeona mnyororo mzima.

Hatari zaidi ni dawa za maumivu. Magoti yakiuma, mjukuu anatumwa duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni, na mzee anazimeza kila siku kwa miezi kama peremende. Dawa za kundi hilo hupandisha presha, huufanya mwili ushike maji, huziumiza figo na humzidishia mgonjwa ambaye moyo wake tayari ni dhaifu. Kuna wazee walioongezewa dawa ya presha mara mbili kumbe kinachoipandisha kimo kwenye bahasha ya duka la jirani. Kwa maumivu ya magoti zipo njia salama zaidi, na parasetamoli kwa kipimo kinachoshauriwa ni mahali pa kuanzia ambapo mtoa huduma anaweza kukubaliana napo.

Kwa hiyo siku ya kliniki mfuko uende wote: vidonge vya hospitali, vya dukani, chupa za mitishamba, na ile dawa aliyoletewa na mgeni kutoka Nairobi. Mitishamba haitajwi ili mzee agombezwe. Inatajwa ili ihesabiwe.

Heshima ya kumkalisha

Hapa ndipo penye ugumu kwa familia za kwetu, kwa sababu kosa lenyewe linafanywa kwa upendo.

Mzazi aliyesomesha watoto anastahili kupumzika. Ndivyo kila mtu anavyoamini. Kwa hiyo anatafutiwa dada wa kazi, anawekewa televisheni, maji yanaletwa na mjukuu, chakula kinamfuata pale alipo. Akinyanyua jembe watoto wanapiga simu kumgombeza. "Kaa mama, utachoka." Majirani wanasifu kwamba amepata watoto. Mama mwenyewe, kwa miezi sita, anahamia kutoka kwenye kiti hadi kitandani na kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza watu 12 wenye afya njema, wastani wa miaka 67, kwa siku 10 bila kuinuka kufanya shughuli. Walikula vizuri na hawakuwa wagonjwa. Kwa siku hizo 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mzee aliyelazwa hospitali wiki mbili na kurudi nyumbani kupumzishwa mwezi mzima ameanza safari hiyo akiwa na kidogo zaidi ya wao.

Habari njema ni kwamba misuli ya uzeeni haijafa. Mwaka 1990, jijini Boston, wazee dhaifu kati ya miaka 86 na 96 waliokuwa wakiishi kwenye kituo cha kulelea wazee walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane, chini ya uangalizi. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutumia fimbo. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya wagonjwa 349, wote wenye miaka 60 na zaidi, waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi. Waliopewa programu ya miezi mitatu ya nguvu, mizani ya mwili na kutembea, iliyoanzia wodini kabisa, walitembea na kuinuka vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Haikuonekana kwamba walirudi hospitali mara chache zaidi, na hilo lisemwe pia. Lakini kuinuka mwenyewe kwenda chooni ni faida ambayo mzee yeyote ataitambua.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye shughuli za kuwachosha kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujiweka sawa wasianguke. Kwa aliyekuwa amekaa mwaka mzima namba hizo zinatisha, na si lazima aanze nazo. Kuinuka kitini mara tano kabla ya kila mlo, mkono mmoja ukiwa mezani, ni mara 15 kwa siku. Kusimama kwenye ncha za vidole akiwa ameshika dirisha wakati chai inachemka. Kwenda hadi kwa jirani na kurudi, kesho hadi dukani. Kuchambua maharage, kupalilia tuta moja la mboga, kumwagilia kwa ndoo ndogo: kazi anazozijua na zenye maana kwake huendelea kufanywa kuliko mazoezi aliyoelekezwa kwa karatasi. Anayeswali swala tano kwa kusimama, kurukuu na kusujudu anainuka kutoka sakafuni mara nyingi kwa siku. Siku anapohamia kwenye kiti, na wakati mwingine hana budi, familia ijue kwamba zoezi hilo limeondoka na litafutiwe mbadala.

Mwenye maumivu ya kifua, anayeishiwa pumzi akiwa amekaa au aliyezimia karibuni aonwe kwanza na daktari. Wengine kipimo chao ni mazungumzo: akitembea huku anaweza kuongea, mwendo unafaa. Akikata maneno, apunguze.

Chai na mkate havijengi mguu

Wazee wengi hupunguza chakula polepole, na kinachopungua kwanza ni kile kinachotafunwa au kinachogharimu. Nyama inaondoka kwa sababu ya meno. Mayai yanaachiwa wajukuu. Kinabaki chai na mkate asubuhi, uji mchana, ndizi kidogo na mchuzi jioni. Tumbo limejaa, misuli ina njaa.

Wataalamu wa lishe hupendekeza mzee mwenye figo nzima apate takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mama wa kilo 55 hiyo ni gramu 55 hadi 66. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, na bakuli la maharage yaliyoiva huzunguka 15. Dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye mboga hawahitaji meno. Uji unaopikwa kwa maziwa na karanga iliyosagwa si uji uleule wa maji. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini kabla ya kuongea na daktari wake.

Chumvi nayo ina mtego. Ushauri ni isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu, na mwenye presha au moyo dhaifu anauhitaji zaidi. Lakini mzee aliyepikiwa chakula kisicho na ladha kabisa huacha kula, na huo ni mteremko wa kuelekea kwenye zile kilo 4.5. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya iliyoiva na pilipili hoho hufanya kazi kubwa. Vinavyostahili kuondoka kwanza ni vile vya chumvi kavu, kama vile mchuzi wa paketi na samaki wa chumvi, pamoja na kichupa cha chumvi kinachokaa mezani.

Nani anampeleka?

Mambo haya yote huangukia kwa mtu mmoja, na mara nyingi ni binti aliyebaki karibu au mke wa mtoto wa mwisho. Ndugu walio mbali hutuma pesa na maelekezo. Maelekezo hayakosekani. Familia zinazofanya vizuri hugawana kazi kwa majina: mmoja analipia dawa na hazikati, mmoja anafuatilia tarehe za kliniki, mmoja anakuja mwezi mmoja kati ya mitatu ili binti yule apumzike. Daftari la shule linatosha kwa kumbukumbu: tarehe, uzito, presha ya kukaa na ya kusimama, sekunde za mita 4. Daktari anayeoneshwa miezi sita ya namba hizo ana kitu cha kufanyia kazi kuliko anayeambiwa "amechoka choka".

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wanapaswa kutibiwa bila malipo. Vituo vingi vya umma vina dirisha la wazee. Malalamiko ya siku nyingi ni kwamba dirisha lipo ila dawa hazipo, na mzee anarudi na karatasi ya kwenda kununua. Ni vyema familia iulize mapema ni dawa zipi zinapatikana kituoni hapo, na kama mzee ana kitambulisho kinachohitajika, badala ya kuvijua hivyo siku ya foleni.

Uso uliopinda upande mmoja, mkono uliolegea ghafla, maneno yasiyoeleweka, kuchanganyikiwa kulikoanza leo, kuzimia, au pumzi inayokata mtu akiwa amekaa havisubiri tarehe ya kliniki. Mzee apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na muda dalili zilipoanza uandikwe, maana ni moja ya maswali ya kwanza atakayoulizwa aliyempeleka.

Kwenye yale mengine yanayosubiri, aulizwe mzee mwenyewe anataka nini, jambo ambalo husahaulika watoto wakishakaa kikao. Mmoja anataka kufika kwenye harusi ya mjukuu. Mwingine anataka kwenda ibadani bila kushikwa kwapa. Baba anayesema hataki tena kile kidonge kinachomwamsha mara nne usiku huenda hajakataa matibabu. Huenda dawa ya mkojo inaweza kuhamishiwa asubuhi, na hilo ni jambo la dakika moja chumbani kwa daktari, mradi mtu amelisema.